Nani Alichonga Mguu Huu

6 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi mpe pole ya kukuvumilia, na Mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu kabla hajauliza kwa nini sijaandika tangu mwaka mpya. Sisi tu wazima. Mpwa wako amenipita kimo, na ubaya ni kwamba anajua. Siku hizi ananitolea vyombo rafuni bila kuombwa, halafu ananitazama.

Habari niliyonayo ni kwamba ofisi imenipeleka kozi. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kupiga chapa barua za watu wengine, dada yako amerudi darasani kusoma kanzidata. Tuko kumi na tisa. Hao kumi na wanane wote wananiita Mama, na juzi mwalimu mwenyewe aliteleza.

Najua utauliza kanzidata ndiyo nini. Chukua daftari lako la kazi, litie ndani ya kompyuta, kisha lichane liwe madaftari madogo madogo. Kila moja linashika jambo moja tu, na yote yanajuana. Hayo madogo tunayaita majedwali. Ukishayapanga vizuri unaweza kuyauliza swali, nayo yanajibu.

Kila mwanafunzi anatakiwa atengeneze kanzidata ya mahali pa kazi pa kweli, iwe tayari kufikia Oktoba. Wenzangu wamechagua maduka. Mimi nimechagua karakana yako ya miguu ya bandia. Mwaka jana uliniambia hospitali imewaletea kompyuta na wewe umeifunika kitambaa cha meza. Ifunue, kaka. Nitumie pia nakala za kurasa za rejista yako, hata chafu.

Na usiniambie nipige simu. Ni wewe uliyesema simu ni ya misiba, mambo ya maana huandikwa.

Kitindamimba wako


1 Machi

Kitinda,

Marahaba. Usishangae mwandiko, huu ni wa wifi yako. Mimi mikono imejaa plasta ya kuchukulia umbo la miguu, nasema tu naye anaandika, na akiona sentensi haipendezi anairekebisha bila idhini. Mama hajambo. Amesema nikuulize kama huko darasani mnakula.

Nimekutumia kurasa arobaini. Karani wa hospitali alizitoa nakala huku akinung'unika. Utaona karakana yangu yote humo: jina la mgonjwa, umri, anakotoka, mguu upi, juu ya goti au chini, urefu, mzunguko wa kigutu (ile sehemu ya mguu iliyobaki), tarehe ya kupima, tarehe ya kuchukua, matengenezo. Ila kusema kweli rejista ninayoitumia ni kichwa. Miguu inaning'inia darini kwenye kulabu, mingine imemalizika, mingine bado haina nyayo. Mtu akiingia mlangoni, kabla hajasema neno nimeshanyoosha mkono kwenye kulabu yake. Kompyuta itaweza hilo?

Utataka kujua tuko wangapi kazini. Niko mimi, na yupo Bi Tupa. Sijui kama niliwahi kukusimulia habari zake. Alikuwa fundi viatu. Alikuja miaka kumi na moja iliyopita kuchukua mguu wa kushoto, akaulalamikia: hapa panabana, pale pamelegea, ukingo huu nani kaukata, panya? Nikachoka, nikamkabidhi tupa nikamwambia, "Haya, maliza mwenyewe." Akaketi chini akausugua mpaka ukamkaa kama ngozi yake. Hajaondoka tangu siku hiyo, na jina likamganda. Ananisaidia kulainisha kingo na mambo madogo madogo.

Nasubiri majedwali yako.

Kaka


24 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo, na wifi namshukuru kwa mwandiko, maana wako ulikuwa wa kuku hata kabla ya plasta. Mwambie Mama tunakula. Mpwa wako alipata homa wiki moja, sasa amepona na amerudi kunitolea vyombo.

Kaka, rejista yako imenitia kizunguzungu. Kuna mama mmoja ameandikwa mara tatu kwa tahajia tatu, na kila mara anakaa mahali tofauti. Je, ni watu watatu au ni mmoja aliyehama? Wewe unajua. Mimi sijui, na mtu atakayekaa kwenye kiti chako baadaye hatajua.

Makosa si yako, ni ya daftari. Kila mtu akija kutengeneza mguu unamwandika upya jina, mahali, kila kitu. Akihama, ukurasa wa zamani unasema hivi na mpya unasema vile. Mwalimu wetu ana msemo mmoja anaotupigia kila siku: jambo moja, mahali pamoja. Kwa hiyo nimepasua rejista yako vipande vitatu. Jedwali la kwanza ni la wagonjwa, mtu mmoja mstari mmoja, basi. La pili ni la miguu. Mtoto akikua atabadilishiwa mguu mara saba, naye ataendelea kuwa na mstari mmoja kule na mistari saba huku. La tatu ni la matengenezo, kwa kuwa mguu mmoja unaweza kurudi mara nyingi.

Sasa ili majedwali yajuane, kila mgonjwa apewe namba. Namba yake peke yake, isibadilike hata akiolewa, hata akihama. Inaitwa ufunguo mkuu. Kaa na Bi Tupa muwape watu namba.

Kitinda


20 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Tuko salama ila Mama amegombana na daktari wa macho, anasema herufi za ukutani zilikuwa chafu.

Nilipopata barua yako nilikasirika. Nilimwambia wifi yako aandike hivi: watu si magunia, mimi sitampiga mtu chapa ya namba. Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Halafu Jumanne akaja mfuga nyuki.

Ametoka mbali, safari ya siku mbili, amekuja kuchukua mguu wake mpya. Nikanyoosha mkono kwenye kulabu, kulabu iko tupu. Tukatafuta. Kumbe kuna dereva wa lori mwenye jina lilelile, la kwanza hadi la mwisho, na wiki iliyotangulia, nikiwa kliniki, aliukuta mguu una jina lake akauchukua. Na kwa kuwa madereva hawana subira, hakuujaribu hapa. Amepigiwa simu, amekiri unambana, anadhani ndivyo miguu mipya ilivyo.

Yule mfuga nyuki hakufoka. Alikaa kwenye benchi akasema, "Basi nitasubiri." Afadhali angefoka.

Nimeichana ile barua. Tumegawa namba siku nne, Bi Tupa akisoma kurasa, mimi nikisema huyu ni yule, huyu si yule. Yule mama wa tahajia tatu ni mmoja. Wote pamoja ni mia sita na themanini na wawili. Mfuga nyuki ni 340, dereva ni 507. Bi Tupa mwenyewe ni 212, ameiandika kwa chaki ndani ya mguu wake.

Kaka


11 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Mwambie Mama hata mimi herufi za ukutani huziona chafu. Masomo yanakwenda vizuri, jaribio la kwanza nimelipita bila wasiwasi.

Nimefurahi mno kwa zile namba. Ona sasa zinavyofanya kazi. Kwenye jedwali la miguu hatuandiki tena jina la mgonjwa. Tunaandika 340 tu, nayo inatupeleka moja kwa moja kwa mfuga nyuki. Namba ya jedwali moja ikienda kukaa kwenye jedwali jingine inaitwa ufunguo mgeni. Ni mgeni kweli, maana kwao ni kwingine, ila ana heshima zake: kompyuta haitakubali uandike mguu wa mgonjwa namba 900 wakati mgonjwa huyo hayupo. Inakataa katakata. Mgeni lazima awe na kwao.

Limebaki jedwali moja dogo, la mafundi. Mistari miwili tu, wewe na Bi Tupa. Kisha kwenye kila mguu tunaweka safu inayouliza: nani alichonga? Mguu ukirudi na kasoro, inajulikana ulipitia mikono ya nani. Bi Tupa atakuwa na namba mbili, ya mgonjwa na ya fundi, na hiyo si kosa, kwa sababu ni kweli kwamba yeye ni vyote viwili.

Nijazie safu hiyo kwa miaka mitatu ya nyuma. Ni kazi ya siku moja.

Kitinda


2 Julai

Kitinda,

Marahaba. Samahani kwa ukimya. Mvua ilivuja ofisini, na wifi yako alikwenda kwao kumwuguza dada yake, na Mama naye alikuwa anaumwa miguu. Sasa wote wazima.

Safu ya fundi iondoe. Haina faida. Fundi wa karakana hii anajulikana, ni mimi. Mambo yakizidi hapo ni kujaza kompyuta takataka.

Nina swali dogo nami. Bahasha zako za miaka yote zilikuja na muhuri wa ofisi yenu pembeni. Tangu Februari hazina. Wala sisemi kitu, nauliza tu.

Kaka


15 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, kisha nikaketi.

Ofisi haikunipeleka kozi. Ofisi ilinipunguza, mwezi wa Desemba, mimi na wapiga chapa wengine wawili. Walitupa keki na kadi. Kozi nimejiandikisha mwenyewe, na hadi leo naondoka nyumbani saa ileile niliyokuwa nikienda kazini ili majirani wasiulize. Jaribio la kwanza sikulipita. Nilipata thelathini na moja kwa mia. La pili hamsini na nne. Nilikuchagua wewe si kwa kuwa nataka kukusaidia, kaka. Nilikuchagua kwa kuwa nilijua hutanicheka, halafu nikaogopa hata hilo.

Nimekwambia. Sasa zamu yako.

Barua mbili mfululizo ni za mkono wa wifi, na hii ya Julai imepigwa chapa. Hakuna plasta inayokaa mikononi miezi mitano. Tena nimekaa na kurasa zako hadi nazijua kama uso wangu. Wewe saba zako ni kijiti chenye kofia. Kuanzia Agosti ya mwaka jana, vipimo vyote vya kazi vimeandikwa na mtu ambaye saba zake zina mstari katikati. Sizungumzii vya kulainisha kingo, nasema vyote, urefu, mzunguko, pembe ya goti. Ni nani, kaka? Na wewe umepatwa na nini?

Kitinda wako


9 Agosti

Dada yangu,

Hii naiandika mwenyewe. Nimeianza Jumapili na leo ni Jumatano, na mistari unaiona inavyopanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi.

Ni mkono wa kulia. Ulianza kutetemeka mwaka juzi, kidogo, nikidhani ni uchovu. Kufika Agosti ya mwaka jana nilimkatia mzee mmoja kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, nikazidisha kwa upana wa ukucha. Kwako ukucha si kitu. Kwake ni kidonda. Alirudi baada ya siku tisa soksi ikiwa na damu. Bi Tupa aliutazama ule mguu, akanitazama mimi, akauchukua, akaanza upya. Kuanzia siku hiyo mimi napokea watu, naongea nao, nasaini. Anayepima na kuchonga ni yeye.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu yeye hana cheti. Cheti ni changu. Hospitali ikijua, mimi nitapumzishwa na yeye ataondolewa, na karakana itafungwa, watu wawe wanasafiri hadi mji mkubwa. Hiyo ndiyo sababu ninayojiambia moyoni mwangu. Nyingine ni kwamba nimekuwa fundi miaka thelathini na moja na sijui kuwa kitu kingine.

Barua yako nilimsomea Bi Tupa. Alikuwa anasugua goti. Hakuinua kichwa.

"Dada yako ana macho," akasema.

"Tumwambie nini?"

"Kwani kauliza nini?"

"Nani alichonga."

"Basi andika."

"Watakuondoa."

Hapo ndipo akaweka tupa chini. "Mwaka mzima nachonga miguu ya watu, wanakuja kukushukuru wewe. Wanakushika mkono, huo huo mbovu. Mimi niko pale nyuma nafagia vumbi la mguu nilioutengeneza. Sijasema kitu kwa kuwa ulinipa kazi wakati hakuna aliyenipa. Lakini ukiniuliza, nakujibu. Andika."

Dada, sikujua. Mtu yuko hatua tatu kutoka kwangu kila siku, nami sikujua.

Nimejaza safu yako. Kuhusu ofisi yenu: keki! Wangekupa hata kiti ulichokalia. Rudi ukasome, na majirani waache waulize.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo mara mbili. Barua yako nimeilaza chini ya kioo cha meza. Sijawahi kuona mwandiko mbaya ninaoupenda hivi. Mpwa wako ameisoma, akaniuliza kama mkono unauma. Nijibu, au mjibu yeye. Na daktari umemwona? Si wa miguu, wa mkono.

Kanzidata imekamilika, iko ndani ya kifurushi hiki, pamoja na kijitabu nilichokupigia chapa. Soma kwanza ukurasa wa nakala ya akiba: kila Ijumaa mnatoa nakala, mnaiweka jengo jingine, kwa kuwa paa lenu linavuja na kompyuta haiogelei. Kisha ukurasa wa maswali. Nimewawekea matatu. La kwanza ni miguu mingapi imerudi kwa kasoro, kwa kila fundi. Nimeliuliza hapa kwa data zenu na jibu nimeliona. Sitalisema. Liulizeni wenyewe, mkiwa wawili, kabla hamjamwonyesha mtu. La pili ni miguu ipi imemalizika na haijachukuliwa. La tatu nimelitunga mwenyewe, mwalimu hakunifundisha. Linatafuta watoto.

Kitinda


4 Novemba

Dada yangu,

Mama anakusalimu, wifi anakusalimu, Bi Tupa anakusalimu na anauliza kama saba bila mstari inatofautishwaje na moja. Hongera kwa ile sabini na nane uliyopata kwenye kozi. Kazi itakuja. Kama haiji, tutaifuata. Daktari wa mkono amenipa dawa, zinapunguza kidogo, haziponyi. Mwambie mpwa wangu hauumi.

Swali la kwanza tuliuliza wawili kama ulivyosema. Mwaka wangu wa mwisho: miguu hamsini na minane, kumi na minne ilirudi. Mwaka wake: sitini na minne, mitatu. Nilitoka nje nikakaa juu ya gogo. Iliniuma, nisikufiche. Alinifuata na vikombe viwili vya chai, akasema mitatu ile nayo ilikuwa kosa la plastiki mbovu, jambo ambalo si kweli, alitaka tu kuniliwaza.

Tulipeleka majibu kwa daktari mkuu. Alifoka kwanza, kwa haki. Nilimdanganya mwaka mzima, na kama mtu angeumia? Kisha akasoma karatasi tena. Mwisho wake ni huu: Bi Tupa anakwenda kufanya mtihani wa cheti Januari, na hadi wakati huo fundi kutoka mji mkubwa anakuja kila wiki mbili kukagua kazi yake. Mimi nimeondolewa kwenye benchi. Napokea wagonjwa na kutunza kanzidata. Hakuna aliyenipigia makofi, na sikustahili.

Sasa lile swali lako la tatu: watoto wote ambao hawajarudi kwa zaidi ya miezi kumi na minane. Mtoto hukua, mguu haukui. Nilidhani litatoa watatu au wanne, maana watoto wangu nawajua. Lilitoa arobaini na mmoja. Nilisoma majina yote. Kumi na tisa nilikuwa nimewasahau kabisa, Kitinda. Kabisa. Kichwa changu kilikuwa kinakumbuka wale wanaorudi tu.

Tumeandika barua arobaini na moja. Wamekuja ishirini na sita hadi sasa. Jana alikuja binti wa miaka kumi na mmoja, namba 418, na mama yake. Mguu wake umekuwa mfupi vidole vinne, na mama amepigilia nyayo za ndala chini yake, moja juu ya nyingine, tano. Mgongo umeanza kupinda. Mama yake alitoa barua yetu kwenye mkoba, imekunjwa vizuri, akasema, "Tulidhani mmetusahau."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Tulimsahau, mama. Ni mimi niliyemsahau. Nisamehe."

Yule mama alimvua binti kiatu.

Bi Tupa alikuwa anakoroga plasta, mikono yake haikuwa na nafasi, kwa hiyo nilichukua utepe wa kupimia mimi. Nikapiga magoti. Mkono ukaanza mambo yake, utepe unaruka ruka gotini kwa mtoto. Aliutazama kidogo, kisha akainama akaibana ncha ya juu kwa kidole chake.

"Wewe shika huko chini, babu," akaniambia. "Hapa nimeshika mimi."

Tukapima. Sentimita thelathini na nne na nusu.

Kaka yako